Sauti Nzito ya Mabonga

Isiolo
Alhamisi, 3 Julai 2025

Kavetsa wangu,

Shuleni tulifundishwa kuanza barua kwa salamu na kuulizia afya. Mimi leo naanza kwa ugomvi. Mbona hushiki simu? Tangu mwaka jana nakupigia, inaita mpaka inachoka. Nikikutumia meseji unanijibu "sawa" ama "tuko poa", kama unamjibu mtu aliyekosea namba. Basi nimerudi kwa kalamu, kama ile miaka nilipokuwa nimeolewa juzi tu huku na simu ilikuwa ya posta peke yake. Barua hii inakuja na basi mpaka kwa duka la dawa za mifugo la Mzee Wabuge. Hapo uko kazini kila siku, kwa hivyo huwezi kuniambia haikufika.

Sasa habari yenyewe. Ndugu yangu Guled amenitumia picha ya bango lililobandikwa karibu na nyumbani kwetu, mtaa wa West Indies. Ile bendi yetu ya Waya Moto inapiga Eldoret! Jumapili tarehe 17 Agosti, saa nane mchana, kwenye ukumbi wa zamani wa wafanyakazi wa kiwanda. Ukumbi ule ule, Kave, ambao tulisimama nyuma ya ukuta wake tukisikiliza, kwa sababu baba yangu alisema hakuna binti yake ataingia mahali watu wanarusha vichwa kama mbuzi. Yeye mwenyewe alikuwa anauza kaseti zao dukani, lakini binti asiwaone! Unakumbuka tulivyoapa? Kwamba siku moja tutaingia kwa mlango, sisi wawili, tukae mbele kabisa.

Miaka thelathini na kitu imepita na hatujaingia. Wewe uliwaona mara moja, mimi nikiwa huku na mtoto kifuani. Mimi sijawaona hata mara moja.

Kuna jambo lazima nikwambie. Mzee Wanjohi haimbi tena. Hajafa, usishtuke. Koo limemchoka, daktari amemkataza, sasa yuko Timboroa anafuga kondoo. Aliyechukua nafasi yake ni mtu wa kwaya ya kanisa kutoka Webuye, anaitwa Mabonga. Guled anasema watu wananung'unika kwamba sauti yake ni nzito sana, ati nyimbo zinatembea kama zimevaa gambuti kwenye matope. Lakini gitaa bado ni la Apondi yule yule.

Mume wangu amekubali nisafiri, nitalala kwa Guled. Niambie utakuja.

Wako,
Khadija


Yamumbi, Eldoret
Ijumaa, 11 Julai 2025

Mpendwa Khadija,

Barua imefika. Sisi wazima, watoto wako kwao na kazi zao, mahindi yamefika kiunoni. Kuhusu simu, spika yake iliharibika, na fundi ameirudisha mara mbili ikiwa vile vile. Usinihesabie.

Kuhusu Waya Moto, mimi siendi.

Khadija, hebu tuseme ukweli. Waya Moto bila Wanjohi ni nini? Chukua ule wimbo wa "Geti la Kiwanda". Pale mwisho, anapopanda, anapanda, mpaka unafikiri spika itapasuka, si hapo ndipo nywele zilikuwa zinatusimama? Sasa mtu wa kwaya atapandia wapi? Mwache aimbe besi yake Jumapili asubuhi, watu waseme amina, waende nyumbani. Hata kama Apondi bado anapiga gitaa, bendi ni mdomo wake. Ukibadilisha mdomo umebadilisha mtu.

Mimi nilimwona Wanjohi mwaka wa 2009 akiwa na jasho mpaka viatuni, na ningependa kubaki na hiyo. Kaseti ninazo zote. Nazisikiliza jioni nikipika na zinanitosha.

Nenda na Guled. Utaniandikia vile ilikuwa.

Dada yako,
Kavetsa


Isiolo
Jumamosi, 19 Julai 2025

Kavetsa,

Nimeisoma barua yako mara tatu na siamini hata mstari mmoja. Wewe? Wewe uliyetembea kutoka Yamumbi hadi mjini kwenye mvua kununua kaseti ambayo ulikuwa umeshaisikia? Hata kama wangemweka mbuzi aimbe ungeenda, halafu ungemtukana huyo mbuzi njia yote ukirudi. Sababu si Wanjohi.

Sababu naijua, na kwa vile wewe huisemi, nitaisema mimi.

Ni mazishi ya mama. Mama yako alinilisha kwake kama mtoto wake, nikiwa na njaa ya kutoka shule. Na siku anazikwa mimi sikuwepo. Hilo nimelibeba mwaka mzima na zaidi.

Lakini Kave, nilikupigia. Siku ya tatu baada ya mazishi nilikupigia na ukashika. Niliongea karibu dakika kumi. Nilikwambia daraja lilibebwa na maji, tukakwama njiani siku mbili, polisi wakaturudisha. Nilikwambia nilikuwa nimebeba ile shuka nyeupe aliyoniomba mama. Nikakuomba msamaha, nalia. Kisha ukasema, "Haya, hata huku mvua imenyesha." Ukakata.

Sijawahi kusikia kitu baridi hivyo kutoka kwako. Nilisema moyoni, ana uchungu, itaisha. Haikuisha. Ukaacha kushika simu kabisa.

Kama huwezi kunisamehe niambie wazi, nitajua pa kusimama. Lakini mimi naja Eldoret tarehe hiyo, na saa nane nitakuwa kwa geti la ukumbi. Ukija umekuja.

Khadija


Yamumbi
Jumatatu, 28 Julai 2025

Dada Khadija,

Sina hasira na wewe. Sikuwahi kuwa nayo, hata siku moja, hata siku ya mazishi. Nakuapia kwa huyo huyo mama.

Kuhusu ile simu, kuna jambo nitakueleza kwa mdomo wangu tukiwa tumeketi. Nimejaribu kuliandika hapa na karatasi nne zimeingia jikoni kuwashia moto.

Nitakuja. Saa nane, getini. Nitavaa koti langu la kijani ili unione.

Kavetsa


West Indies, Eldoret
Jumapili, 17 Agosti 2025, jioni

Kavetsa,

Nakuandikia nikiwa nyumbani kwa Guled, na kesho alfajiri narudi Isiolo. Yeye atakuletea hii dukani. Usinitumie meseji, namba yako nimeifunga.

Nilichelewa, hilo ni kosa langu na la lori lililoanguka pale Timboroa. Tulikaa kwenye ukungu zaidi ya saa mbili. Simu yangu ilikuwa imezima tangu Nakuru. Nilifika ukumbini karibu saa kumi, mkoba begani, sijala, sijaswali adhuhuri. Nikaingia nikakuta watu wamejaa na huyo Mabonga yuko mbele anaimba kama anayesoma matangazo ya vifo. Sikujali. Nilikuwa natafuta koti la kijani.

Na nikaliona. Ulikuwa unatoka mbele, unasukuma watu kwenda mlango wa kando. Ulipita hatua kama sita kutoka kwangu. Nikaita, "Kave!" Nikaita tena. Bendi ilikuwa imenyamaza, Apondi anarekebisha nyuzi, na watu wote wakageuka kuniangalia mimi mwanamke mzima ninayepiga kelele. Nikaita mara ya tatu na ya nne kwa jina lako lote, Esther Kavetsa. Kila mtu aligeuka isipokuwa wewe. Ukafungua mlango ukaenda.

Mama mmoja akaniambia, "Pole, labda umemfananisha." Nikamwambia tumesoma dawati moja miaka minane, nikatokea kwa geti la nyuma nisitazamwe tena.

Nimeelewa sasa. Ungeandika tu kwenye ile barua ya kwanza kwamba hutaki. Ungeniokoa safari, na ile aibu.

Ile shuka ya mama nimeiacha kwa Guled. Ni yenu.

Khadija Osman


Yamumbi
Jumatatu, 18 Agosti 2025

Khadija, Khadija, dada yangu,

Guled amenipa barua yako saa tano. Nimeisoma nimesimama kati ya magunia ya chakula cha ng'ombe, nikakimbia hadi West Indies na aproni ya dukani, nikaambiwa umeondoka kabla jua halijatoka. Hii naipeleka kwenye basi la saa kumi. Iangalie kama unaniangalia usoni, kwa sababu sasa naandika lile jambo.

Mimi sisikii.

Sijakusikia jana. Uliita mara nne na sikusikia hata mara moja. Ningesikia ningeangusha ukumbi mzima nikija kwako.

Ilianza miaka mitano iliyopita. Kwanza ndege wa asubuhi walipotea, nikafikiri wamehama. Halafu birika likawa linachemka mpaka linakauka. Halafu sauti za watoto, za wanawake, herufi zenyewe zikaanza kuliwa: naona mdomo unasema kitu na kinachonifikia ni nusu yake. Nilienda hospitali mara moja, kimyakimya. Daktari akasema sauti nyembamba ndizo zinatangulia kwenda, na kwamba nahitaji mashine za masikio. Nikakunja ile karatasi nikaiweka chini ya godoro. Mimi, mwanamke wa miaka hamsini na moja, nivae mashine?

Nimejifunza kutazama midomo. Mtu akiwa mbele yangu na mwanga upo, naendelea. Kwa simu hakuna mdomo. Siku ile uliponipigia nilishika kwa sababu niliona jina lako na nilikutamani. Nilisikia mvumo tu. Nikashika neno moja, "maji" ama "mvua", nikajibu hilo. Nikakata kwa sababu nilikuwa naogopa utaniuliza kitu. Kumbe ulikuwa unalia. Nimelijua hilo kwa barua yako ya Julai, na ndiyo sababu ya zile karatasi nne.

Dukani mwaka huu mzee mmoja alikuja kutaka dawa ya kupe. Nikampa dawa ya kuku. Alirudi kesho yake akicheka, akasema ng'ombe wake wamekataa kutaga. Mzee Wabuge alicheka mpaka akashika kaunta. Mimi pia nilicheka, kisha nikaenda stoo nikakaa juu ya gunia na kulia, kwa sababu siku nyingine itakuwa dawa ambayo haichekeshi, na hapo nitafukuzwa.

Na mama. Hili sijamwambia mtu. Siku yake ya mwisho aliniita karibu akaniambia kitu. Sauti yake ilikuwa imebaki kidogo sana, na midomo haikuwa inafunguka vizuri. Alisema maneno mengi, Khadija. Mimi nikaitikia kwa kichwa, ndiyo mama, ndiyo. Sijui aliniambia nini. Hebu niambie, mtu gani anaweza kusema hilo kwa simu?

Kwa hivyo niliposema siendi kwa sababu ya Wanjohi, nilidanganya. Kaseti sijaziweka kwenye redio miaka mitatu. Niliogopa kuingia kwenye ule ukumbi na wewe, watu wote wakiimba, mimi nimesimama kama nguzo, na wewe unaniangalia.

Sasa jana. Nilikuwa getini tangu saa saba na nusu. Mvua ikaja, nikavumilia mpaka karibu saa tisa, nikakupigia simu, imezima. Nikasema labda ameingia. Nikaingia nikakutafuta mpaka mbele, nikasimama karibu na spika ya kushoto.

Mwanzo ulikuwa vile niliogopa. Apondi amezeeka, lakini vidole vyake bado vinakimbia, na nilikuwa naviona vikikimbia. Kilichonifikia kilikuwa kama mashine ya kusaga posho iliyo mtaa wa pili. Watu walikuwa wanaruka. Nilianza kutafuta njia ya kutoka.

Ndipo Mabonga akaja mbele. Mfupi, mnene, amevaa koti la harusi. Akapangusa maikrofoni kwa kitambaa, kama shemasi anayepangusa kikombe. Akafungua mdomo, na mimi sikuwa namwangalia, Khadija. Nilikuwa nimeinama natafuta mkoba wangu. Na nikasikia:

"Fungua geti, saa imefika,
nataka kwenda nyumbani na mikono yangu miwili."

Nilisikia maneno. Yote. Na sikuwa nimemwangalia mdomo.

Ile sauti nzito inayonung'unikiwa na watu ndiyo sauti pekee ambayo masikio yangu bado yanaipokea. Wanjohi angepanda pale juu na ningeona shingo yake tu. Mabonga alipofika pale mwisho hakupanda. Alishuka. Alishuka ngazi moja, ya pili, akateremka mpaka nikaisikia ndani ya kifua na kwenye mbao za sakafu, na bado maneno yalikuwa maneno. Mama mmoja kando yangu, nilikuja kujua anaitwa Leonida, alinigeukia na nikamsoma mdomo: "Anaimba kama ng'ombe!" Nikamwambia, "Acha aimbe!" Nafikiri nilipiga kelele, kwa sababu watu walicheka. Nilikuwa nalia vibaya sana. Akanipa leso yake.

Aliimba tano. Nilizisikia zote tano. Nilikuwa sijasikia wimbo wenye maneno kwa miaka minne.

Ilipoisha ile ya tano nikasema, lazima nimpate Khadija sasa hivi, lazima nimwambie, hata kama yuko getini ananyeshewa. Ndiyo maana nilikuwa nasukuma watu. Nilikuwa nakukimbilia wewe, na wewe ulikuwa nyuma yangu hatua sita.

Nilisimama kwa lile geti mpaka mlinzi akafunga. Nikakutumia meseji tatu.

Fungua namba yangu. Na ile shuka uliyombebea mama nimeichukua kwa Guled, nimeitandika tayari kwenye kitanda chake.

Kavetsa wako


Isiolo
Jumamosi, 23 Agosti 2025

We Kavetsa!

Nilisoma barua yako nikiwa nimekaa juu ya mifuko ya saruji hapa dukani. Nikacheka, nikalia, nikacheka tena. Mume wangu alikuja mbio akiuliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna, hakuna aliyekufa, Kavetsa ni kiziwi, alhamdulillahi! Akaniangalia kama nimeshikwa na homa.

Nisamehe kwa kufurahi. Lakini ungejua mwaka huu wote nimebeba nini. Kila nikisujudu nilikuwa naomba Mungu akulainishe moyo. Kumbe moyo hauna kitu, ni masikio! Masikio! Nimetembea siku nne nikijiona mwepesi kama mtu aliyetua debe la maji kichwani.

Namba nimeifungua. Sikupigii, usiogope. Nimemwambia Guled akununulie simu ya video ili unione mdomo, na ukikataa atakuja kukaa dukani kwenu mpaka ukubali. Unamjua.

Kuhusu mama. Sijui alikwambia nini na sitakutungia. Ningeweza kusema ni maneno ya baraka, lakini ungejua nimebuni. Ninachojua ni hiki: alikuona ukiitikia. Alisema alichotaka kusema, na mtoto wake akasema ndiyo mama. Yeye alipata jibu, Kave. Aliyebaki na deni la maneno ni wewe tu, na wewe nakujua, ungemwitikia ndiyo hata kama angekwambia umuuzie ng'ombe.

Sasa kitu kimoja, na hapa nakuamuru kama mkubwa wako wa miezi miwili. Toa hiyo karatasi ya daktari chini ya godoro. Na umwambie Mzee Wabuge. Mimi napima misumari na rangi kila siku, lakini wewe unagawa dawa. Usingoje siku ambayo haichekeshi. Mwambie kabla wiki mbili hazijaisha, halafu uniandikie alisema nini. Akikufukuza, utakuja Isiolo upime misumari na mimi, na nitaongea kwa sauti nzito kama Mabonga siku nzima.

Nimemtusi bure yule mtu. Ukimwona mpe salamu zangu.

Khadija wako, yule yule


Yamumbi
Jumamosi, 13 Septemba 2025

Dada Khadija,

Nimechelewa siku chache kwa amri yako, lakini nimeitii.

Karatasi niliirudisha hospitali. Yule daktari hayuko tena, nimepata binti mdogo anaitwa Lorraine, anasema maneno polepole na haondoi macho usoni. Amenipima upya. Mashine zitakuwa tayari mwezi wa kumi. Amenionya sauti zitakuja kwanza kama vyombo vinavyoanguka, nisikate tamaa. Nimemwambia nimezoea bendi ya rock.

Watoto nimewaambia. Yule mkubwa alilia, akasema alidhani nimeanza kumdharau mke wake kwa sababu simjibu akinisalimu. Miaka mitatu huyo msichana amekuwa akifikiri simpendi! Alikuja Jumapili, tukapika pamoja, na kila kitu alichosema alikisema amesimama mbele yangu na mwiko mkononi.

Mzee Wabuge nilimwambia jana asubuhi, kabla hatujafungua. Nilikuwa nimeandika kwenye kikaratasi ili nisiruke kitu. Nikamwambia yote, na kama anataka mtu mwingine naelewa. Alinisikiliza akikuna kidevu. Akauliza, "Ni hilo tu?" Nikasema ni hilo. Akasema, "Mimi nilidhani umepata kazi kwa duka lingine. Wiki nzima unaniangalia kama mtu anayeaga."

Kisha akasimama. Meza yangu imekuwa ikitazama ukuta tangu niajiriwe. Akaikamata upande mmoja, akanionyesha kwa kichwa nikamate mwingine, tukaizungusha mpaka ikatazama mlango, mwanga wote wa barabara ukiwa mbele yangu. Akaandika kwa kalamu nene juu ya kipande cha boksi: MTAZAME MAMA UKISEMA. Akakibandika kwenye kaunta, akaenda kufungua mlango.

Mteja wa kwanza alikuwa mama mmoja kutoka Turbo, amejifunga shali kwa baridi, anataka mbegu za sukuma wiki. Akasoma kile kibao. Akaniangalia, akatoa shali mdomoni, akasema anachotaka.

Nikampa mbegu zake.

Kavetsa